Si Ufanye Tu Leza? Historia Fupi ya Kisu, Mwanga na Jicho

Ukivaa miwani Nairobi kwa muda wa kutosha, utaulizwa hili swali. Utaulizwa na binamu yako kwenye harusi, na mwenzako wa ofisini akikuona ukifuta lenzi kwa ncha ya shati, na yule rafiki aliyefanya mwaka jana ambaye sasa anaongea kama mtu aliyeokoka juzi: "Kwani unangoja nini? Si ufanye tu leza?"

Hiyo "tu" ndiyo hunifikirisha. Mimi nina miaka 28. Miwani nimevaa tangu darasa la sita, na namba yangu ni 4.5, ya kutoona mbali. Nikiivua, namba ya matatu naisoma ikishanipita. Leza iko hapa hapa mjini, siku za kulazimika kupanda ndege kwenda India ziliisha, na pesa nimeanza kuweka kidogo kidogo. Kwa hivyo swali hili kwangu ni la kweli, lina tarehe na lina bei.

Nilipoanza kusoma, nilikuwa natafuta ndio au hapana. Nilichopata ni historia ndefu ya watu wenye akili sana, na ndani yake kitu kimoja kinajirudia. Operesheni ya kuwavua watu miwani huonekana poa mwaka wa kwanza, karibu kila mara. Mgonjwa anafurahi, daktari anapigwa picha. Hukumu yenyewe huja mwaka wa kumi au wa ishirini. Anayeamua leo inafaa ajue ni operesheni gani zilifika huko, na zilifika zikiwa na hali gani.

Kabla ya kisu

Kwanza, shida iko wapi? Mbele ya jicho kuna konea, kile kioo hai unachogusa ukijichoma na kidole kwa bahati mbaya. Konea ndiyo inayofanya karibu theluthi mbili ya kazi ya kupinda mwanga, na lenzi iliyo ndani inamalizia. Mwanga unafaa ukutane kwenye retina, ukuta wa nyuma. Jicho la mtu asiyeona mbali kwa kawaida ni refu kupita kiasi, kwa hivyo mwanga unakutana kabla ya kufika ukutani. Karibu anaona vizuri. Mbali ni ukungu.

Kwamba tunaona kwa sababu mwanga unaingia jichoni, wala si kwa sababu jicho linatuma miale nje, lilitetewa kwa hoja na majaribio na Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeandika kitabu chake kikubwa cha macho akiwa Cairo, mwanzoni mwa karne ya 11. Miwani ilikuja baadaye, Italia, mwishoni mwa miaka ya 1200. Mwaka 1306 padri mmoja, Giordano da Rivalto, aliwaambia waumini Florence kwamba ufundi wa kutengeneza miwani haujafikisha hata miaka 20. Miwani hiyo ilikuwa ya wazee waliotaka kusoma. Sisi wa kutoona mbali tulingoja hadi miaka ya 1400. Na maelezo sahihi ya kwa nini lenzi inasaidia yalitoka kwa Johannes Kepler mwaka 1604. Yaani watu walivaa kitu usoni kwa karne tatu hivi bila kujua kinafanyaje kazi, na hakuna aliyedhurika, kwa sababu miwani ikikosewa unaivua.

Konea ukiikosea, huivui. Hapo ndipo hadithi inabadilika.

Tokyo: ile safu ya nyuma

Mwaka 1898 daktari Mholanzi, Leendert Jan Lans, alichanja konea za sungura na kuonyesha kwamba machanjo yanaweza kubadilisha umbo lake kwa njia inayotabirika. Ilichukua miongo kadhaa kabla mtu kuwafanyia binadamu wengi jambo hilo kwa nia ya kuwavua miwani. Mtu huyo alikuwa Tsutomu Sato, profesa wa macho Juntendo, Tokyo.

Sato alikuwa ameona kitu kwa wagonjwa wa keratokonasi, ugonjwa unaofanya konea iwe nyembamba na ichongoke kama koni. Kwa baadhi yao tabaka la nyuma la konea lilikuwa linapasuka lenyewe, na kidonda kikipona, konea inabaki imelala kuliko awali. Konea iliyolala hupinda mwanga kidogo, na hilo ndilo jicho refu linahitaji. Sato akawaza: mpasuko wa bahati mbaya ukifanya hivi, wa makusudi je?

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1930 hadi miaka ya 1950, yeye na wenzake walichanja mamia ya macho, kwa mbele na kwa nyuma ya konea. Matokeo yalichapishwa. Wagonjwa waliona mbali. Kwa kipimo cha siku hizo, operesheni ilikuwa imefaulu.

Kumbe nyuma ya konea kuna safu moja nyembamba ya seli zinazofanya kazi ya pampu. Maji yanaingia kwenye konea kila wakati, nazo zinayatoa kila wakati, na ndiyo maana konea inabaki angavu kama kioo. Wakati Sato anachanja, umuhimu wa seli hizo haukueleweka. Wala haikueleweka kwamba kwa binadamu, seli hizo zikifa hazizaliwi tena. Zilizobaki zinajitanua kujaza nafasi, zinabeba mzigo wa wenzao, na baada ya miaka zinachoka. Takriban miaka 20 baada ya operesheni, wagonjwa wa Sato walianza kurudi hospitalini macho yakiwa yamevimba na kufifia, konea imejaa maji, malengelenge yenye uchungu juu yake. Vijana waliokuwa wamevuliwa miwani sasa walikuwa watu wazima wanaopoteza kuona.

Ni rahisi kumlaumu Sato, lakini hakuwa tapeli. Alipima alichojua kupima. Kitu kilichowaangusha wagonjwa wake hakikuwa kwenye orodha ya vitu vya kupima.

Bogotá: konea ina bajeti

Upande mwingine wa dunia kulikuwa na daktari aliyeifikiria konea kama fundi. José Ignacio Barraquer alizaliwa Barcelona, ukoo wao ukiwa wa madaktari wa macho, na mwaka 1953 alihamia Bogotá, Kolombia. Wazo lake, alilolichapisha mwaka 1949, lilikuwa hili: badala ya kuchanja konea ili ijikunje yenyewe, kwa nini usitoe kipande, ukichonge namba unayotaka, na kukirudisha?

Alitengeneza chombo cha kukata kipande chembamba cha juu ya konea, duara ndogo kama lenzi ya kuvaa jichoni. Akakigandisha kwa barafu kavu. Akakiweka kwenye mashine ya kuchonga inayozunguka, ndugu ya zile za mafundi wa chuma pale Kariobangi Light Industries. Akachonga, akakiyeyusha, akakishona kwenye jicho.

Ilikuwa kazi ngumu sana. Madaktari wachache waliweza kuiiga, na kugandisha tishu kulikuwa na madhara yake. Lakini Barraquer aliacha mambo mawili ambayo bado yapo kwenye kila chumba cha leza, pamoja na vile vya Nairobi. Moja ni wazo la kukata ukurasa wa juu ili kufanya kazi chini yake. La pili ni hesabu: kila namba ya miwani unayotaka kuondoa inalipiwa kwa unene wa konea. Ukipunguza katikati, konea inalala. Ukipunguza kupita kiasi, inakosa nguvu ya kujishikilia. Konea ina bajeti, na haijazwi tena.

Moscow: mkanda wa kiwandani

Jina lililofanya dunia isikie habari za kuacha miwani ni Svyatoslav Fyodorov. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba katikati ya miaka ya 1970 kijana mmoja aliletwa kwake Moscow miwani ikiwa imevunjikia jichoni, na vidonda vilipopona kijana akawa anaona vizuri kuliko kabla ya ajali. Hadithi ina utamu wa kutosha kukufanya uishuku. Kilicho wazi ni kwamba Fyodorov aliijua kazi ya Sato, akaacha machanjo ya nyuma, akabaki na ya mbele pekee: mistari inayotoka kandokando ya mboni kama miale ya jua, katikati ikiachwa bila kuguswa.

Halafu akafanya kitu ambacho Umoja wa Kisovieti peke yake ungekifanya kwa fahari. Aligeuza operesheni kuwa kiwanda. Wagonjwa walilazwa kwenye vitanda vinavyosogea kwenye mkanda, na kila daktari alifanya hatua moja tu kabla ya kitanda kwenda kwa anayefuata. Picha za miaka ya 1980 zipo. Ni kama unaangalia soda zikitiwa vifuniko.

Wamarekani walikuja kuangalia, na kuanzia 1978 operesheni ilikuwa Marekani. Ilienea haraka kuliko utafiti wake. Wengine waliona haraka hiyo na wakaomba ipimwe, na serikali ya Marekani ikagharamia utafiti ulioitwa PERK, uliowafuata wagonjwa miaka 10. Majibu yalitoka 1994. Habari njema: zaidi ya nusu ya macho yaliona bila miwani sawa na jicho zima la kawaida. Habari nyingine: 43% ya macho yalikuwa yamesogea kwa namba moja nzima au zaidi kuelekea upande wa pili, ule wa kutoona karibu, kati ya mwezi wa sita na mwaka wa kumi. Machanjo hayakuwa yametulia. Konea iliendelea kulala, mwaka baada ya mwaka.

Mfano uliojulikana kuliko yote ulitokea Everest, Mei 1996. Beck Weathers, daktari kutoka Texas, alikuwa amefanyiwa operesheni hiyo. Juu kule, ambako oksijeni ni haba, konea iliyochanjwa hubadilika umbo, na macho yake yakamgomea. Akashindwa kuendelea, akaambiwa angoje, na alipokuwa akingoja dhoruba ikafika. Watu 8 walikufa mlimani. Yeye alinusurika baada ya kuachwa akidhaniwa amekufa, akapoteza mkono wa kulia, vidole vya kushoto na pua. Macho peke yake hayakumfikisha hapo, lakini yalikuwa sehemu ya sababu ya yeye kuwa pale alipokuwa. Kwenye fomu yoyote ya miaka ya 1980 hakuna kisanduku cha kuuliza: je, una mpango wa kupanda Everest?

New York: nyama ya bata mzinga

Leza yenyewe ilitoka mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa akifikiria miwani. Kwenye maabara ya IBM kule Yorktown Heights, jimbo la New York, mwanakemia Rangaswamy Srinivasan, mzaliwa wa Madras, India, alikuwa akitumia leza ya eksima kuchonga plastiki. Hii ni leza ya urujuanimno, mwanga usioonekana. Tarehe 27 Novemba 1981, siku moja baada ya sikukuu ya Wamarekani ya kutoa shukrani, alibeba mabaki ya bata mzinga kutoka nyumbani na kuyapiga leza. Mkato ulitoka safi, kingo hazijaungua. Mwanga huo hauchomi. Unavunja viungo vya molekuli, na kile kilichopigwa kinaruka kama moshi bila kupasha moto kilicho kando yake. Yeye na wenzake, James Wynne na Samuel Blum, walijua wamepata kitu. Mwaka 2013 Rais Obama aliwatunuku nishani kwa ajili yake.

Aliyeona kwamba kitu hicho ni cha konea ni Stephen Trokel, daktari wa macho wa Chuo Kikuu cha Columbia. Yeye na Srinivasan walichapisha mwaka 1983. Pigo moja la leza hii linaondoa kama robo ya mikroni, na unywele wako una mikroni 70 hivi. Mkono wa binadamu hauna usahihi huo.

Miaka mitano ilipita kwa majaribio ya wanyama na macho yasiyoona. Mwaka 1988, Marguerite McDonald alifanya New Orleans operesheni ya kwanza ya aina hii kwa jicho linaloona. Mgonjwa alikuwa mama wa miaka 62 mwenye saratani karibu na jicho. Jicho lingetolewa hata hivyo, na yeye mwenyewe akajitolea: nifanyieni kwanza, mjifunze. Walifanya, wakapima, na siku chache baadaye jicho likatolewa na kwenda kuchunguzwa. Nadhani kila mtu anayetoka kliniki ya leza akisoma mabango ya barabarani ana deni kwa huyo mama.

Njia yake inaitwa PRK: ngozi nyembamba ya juu ya konea inaondolewa, leza inachonga, ngozi inaota tena kwa siku kadhaa zenye maumivu. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu mwaka 1995. Wakati huo huo Ioannis Pallikaris, kisiwani Krete, Ugiriki, aliunganisha leza na ukurasa wa Barraquer: kata kifuniko chenye bawaba upande mmoja, kifunue, piga leza chini yake, kifunike. Hakuna siku za uchungu, na kesho yake unaona. Hiyo ndiyo LASIK, na ndiyo iliyoshinda sokoni.

Kifuniko kilikatwa kwa wembe hadi ajali nyingine ikaleta dawa. Miaka ya mwanzo ya 1990, Chuo Kikuu cha Michigan, mwanafunzi kwenye maabara ya Gérard Mourou alipigwa na leza ya mapigo mafupi mno jichoni. Daktari aliyemwangalia, Ron Kurtz, alishangaa jinsi kidonda kilivyo kidogo na safi, akaenda kuuliza ni leza gani hiyo. Leo ndiyo inayokata kifuniko kwenye kliniki nyingi. Mourou alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2018 pamoja na Donna Strickland kwa mbinu iliyozaa leza hizo. Mbinu mpya zaidi, SMILE, iliyotoka Ujerumani, haifunui kifuniko kabisa: inachonga kipande ndani ya konea na kukivuta nje kupitia tundu la milimita chache.

Basi hukumu imesemaje?

Sasa tuulize lile swali la mwaka wa ishirini. PRK na LASIK zimeshapita miaka 25. Ajali ya Tokyo haijajirudia. Leza haifiki kwenye ile safu ya nyuma. Kusogea kwa Moscow hakupo kwa kiwango kile. Kwa watu wengi, operesheni hii inafanya ilichoahidi.

Lakini hata hapa kuna kitu ambacho hakikupimwa mapema, na safari hii kilikuwa mdomoni mwa wagonjwa. Kwa miaka mingi mafanikio yalihesabiwa kwa ubao wa herufi: unasoma mstari gani? Mtu anasoma mstari wa mwisho, anarekodiwa amefaulu, halafu anaenda nyumbani usiku na kila taa ya Thika Road ina duara la mwanga kama mwezi wenye ukungu. Wagonjwa walilalamika kwenye kikao cha FDA mwaka 2008. Mwaka 2011 Morris Waxler, aliyekuwa na cheo ndani ya FDA wakati leza inaruhusiwa, aliiomba mamlaka yake ya zamani iondoe kibali. Haikukubali.

Ilichofanya FDA, pamoja na jeshi la wanamaji na taasisi ya macho ya Marekani, ni kuwauliza wagonjwa wenyewe. Utafiti huo, PROWL, ulichapishwa 2017. Zaidi ya 95% waliridhika na wanavyoona. Hapo hapo, kati ya watu ambao kabla ya operesheni hawakuwa na dalili yoyote ya kuona vibaya kama duara za taa, 43% katika kundi moja na 46% katika la pili walikuwa na angalau moja baada ya miezi mitatu. Hadi 28% ya wale ambao macho yao hayakuwa makavu walipata ukavu. Chini ya 1% walisema dalili hizo zinawatatiza sana katika shughuli za kila siku.

Soma hizo namba pamoja, usichague. Mtu anaweza kuwa na dalili mpya na bado aseme angefanya tena. Na yule mmoja kwa mia hajafarijiwa na furaha ya wengine. Kliniki itakupa namba ya kwanza. Mtandaoni utapewa ile ya mwisho, ikiwa na picha.

Jicho lako, si jicho la wastani

Historia hii ndiyo inafaa uingie nayo kwa daktari, kwa sababu kila mji kwenye hadithi umeacha swali la kuuliza.

Kutoka Tokyo na Bogotá: konea yako ina umbo gani na unene gani? Hatari kubwa ya leza ni kuifanyia konea iliyo dhaifu kimyakimya, hasa yenye keratokonasi ambayo haijajionyesha. Konea kama hiyo ikipunguzwa inaanza kujitokeza mbele, na kurekebisha ni kazi kubwa. Hapa kwetu swali hili lina uzito wake. Aleji ya macho ya utotoni, ile ya macho mekundu yanayowasha mwaka mzima, ni ya kawaida Afrika Mashariki, na kusugua macho kwa nguvu miaka na miaka kunahusishwa na keratokonasi. Kama wewe ndiye yule mtoto aliyekuwa akifokewa na mamake "acha kufikicha macho," mwambie daktari, na usikubali kufanyiwa bila ramani ya konea, mbele na nyuma. Kliniki inayokupa tarehe ya operesheni kabla ya kukupa ramani hiyo inafanya kazi ya mkanda wa Moscow.

Halafu fanya hesabu ya Barraquer. Konea ya kawaida ina mikroni 540 hivi. Yangu ilipimwa 512. Kifuniko kinachukua kama 110. Namba yangu ya 4.5 ingekula kama 65. Nabaki na 337 chini ya kifuniko. Kiwango cha chini kilichozoeleka ni 250, na madaktari wengi waangalifu wanataka 300. Niko ndani. Mtu wa namba 9 mwenye konea kama yangu angekuwa ukingoni, na huyo kuna lenzi inayowekwa ndani ya jicho, ambayo ni mazungumzo mengine.

Kutoka Moscow: je, namba imetulia? Leza inachonga namba ya siku hiyo. Jicho likiendelea kurefuka, ukungu unarudi, na ndiyo maana watu wa miaka 19 huambiwa wangoje.

Kutoka Everest: maisha yako yakoje? Dereva wa usiku ana zaidi ya kupoteza kwa duara za taa kuliko mwalimu. Anayecheza raga au ndondi afikirie PRK, kwa sababu kifuniko cha LASIK hakirudi kushikana kama zamani hata baada ya miaka. Anayekaa mbele ya kompyuta mchana kutwa na macho tayari yanakauka, aanze na hayo macho makavu.

Kuna mambo mawili pia ambayo matangazo huyapita haraka. Leza haifupishi jicho. Hatari za jicho refu, kama retina kuchanika, zinabaki, na bado utahitaji kukaguliwa. Na miaka 40 na kitu ikifika, lenzi ya ndani inakuwa ngumu na kila mtu huhitaji msaada wa kusoma. Yule mzee wa namba 3 anayevua miwani ili asome gazeti anatumia zawadi ya ulemavu wake: jicho lake linaona vizuri kabisa sentimita 33 mbele yake. Leza inakupa mbali na kuchukua hiyo zawadi. Ukiwa na miaka 25 ni biashara nzuri. Ukiwa na 43, piga hesabu tena.

Mimi nimeamua hivi. Ramani ya konea yangu ni safi na unene unatosha. Lakini vipimo viwili vya mwisho, vilivyopishana mwaka mmoja na nusu, vilitofautiana kwa namba 0.75, kwa hivyo jicho langu bado linatembea. Nitapima tena baada ya mwaka. Likitulia nitafanya, na nitachagua PRK, nivumilie wiki ya uchungu nikose kifuniko. Lisipotulia, fremu mpya ni nafuu.

Na siku nitakayofanya, nitaomba nakala ya kila kitu: ramani, unene, namba ya kabla na ya baada. Jicho lililopigwa leza humpa taabu daktari wa kutoa mtoto wa jicho, kwa sababu hesabu za kuchagua lenzi bandia zinategemea umbo la konea ambalo leza imelibadilisha. Vipimo vya zamani vinamsaidia. Daktari atakayenitoa mtoto wa jicho mwaka 2060 pengine bado hajazaliwa. Hizo karatasi ni zake, na mwenye kumwekea ni mimi, maana sijui kama kliniki itakuwepo.